Mtetemo wa Mashine za Zege: Tuilinde Mikono ya Wajenzi Wetu

Vyama vingi vya msingi, pamoja na kukusanya na kuuza mazao ya wanachama, ni wajenzi pia. Hujenga maghala, ofisi, sakafu za mizani, matangi ya maji na misingi ya mashine za kukobolea kahawa na mpunga. Vingine vina miradi ya kufyatua matofali ya saruji. Katika kazi zote hizo zege ndilo mhimili, na siku hizi zege haliendi bila mashine: ya kulishindilia linapomiminwa, ya kulitoboa likishakauka, ya kulisugua, na ya kulivunja pale lilipokosewa.

Mashine hizo zimepunguza jasho na zimeharakisha kazi. Lakini zina dhara moja ambalo halionekani siku ile ile kama linavyoonekana jeraha la msumari au kuanguka kutoka kwenye jukwaa. Dhara hilo ni mtetemo unaopita kwenye mikono ya mwenye kuishika mashine. Huanza kwa ganzi ndogo ya vidole baada ya kazi, na kwa kuwa ganzi hiyo hupotea baada ya muda, hakuna anayeijali. Mtu huja kutambua kwamba ameumia baada ya miezi au miaka, pengine wakati ambapo hakuna dawa tena ya kumrudishia mikono yake.

Kwa washirika jambo hili lina uzito wa pekee. Mwanachama anayefanya kibarua cha ujenzi wakati wa kiangazi ndiye yule yule anayeshika jembe mvua zikianza na anayechuma kahawa au pamba msimu ukifika. Akipoteza nguvu ya kukamata na hisia za ncha za vidole, hakupoteza kazi ya ujenzi peke yake. Amepoteza na shamba. Makala haya yanaeleza dhara hilo hutokeaje na namna chama kinavyoweza kulizuia. Jambo kuu la kukumbuka ni hili: sehemu kubwa ya kinga hufanywa mezani, wakati wa kupanga ujenzi, kabla mashine haijawashwa.

Mtetemo unavyoumiza mkono

Nyundo kubwa ya upepo, ambayo mafundi huiita jekihama, hupiga mara elfu moja au zaidi kwa dakika. Vaibreta ya kushindilia zege hutikisika mara maelfu kadhaa katika dakika hiyo hiyo. Mkono ulioshika mashine husukumwa na kuvutwa pamoja nayo kila inapopiga. Kadiri mtu anavyokamata kwa nguvu zaidi ndivyo mtetemo unavyopenya zaidi viganjani, mikononi hadi kwenye viwiko.

Mambo matatu huharibika. La kwanza ni mishipa midogo ya damu ya vidole. Mishipa hiyo huzoea kujikaza kupita kiasi, hasa penye baridi, hata damu isifike vidoleni. Hapo vidole hupauka na kufa ganzi, kisha damu ikirudi huwasha na kuuma. La pili ni mishipa ya fahamu. Hii ikiharibika mtu huhisi sisimizi vidoleni, na baadaye hushindwa kutambua kwa kugusa kama ameshika msumari au kijiti. La tatu ni misuli na viungo: nguvu ya kukamata hupungua na kifundo cha mkono huuma. Mara nyingi pia mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo cha mkono hubanwa, na mgonjwa huamshwa usiku na ganzi au maumivu ya vidole.

Madaktari hukubaliana kwamba ugonjwa huu ukitambuliwa mapema na mtu akiondolewa kwenye mtetemo, waweza kusimama usiendelee, na hali ya mishipa ya damu yaweza hata kupata nafuu. Lakini mishipa ya fahamu iliyokwisha kuharibika sana kwa kawaida hairudii hali yake. Kwa sababu hiyo hapana budi tuzungumzie kinga kuliko tiba.

Si jambo jipya

Hali ya vidole kupauka kwa baridi ilielezwa na daktari Mfaransa, Maurice Raynaud, mwaka 1862. Mwaka 1911 daktari Loriga wa Italia aliihusisha hali hiyo na wafanyakazi waliotumia nyundo za upepo. Mwaka 1918 Alice Hamilton, daktari wa Marekani, alikwenda Bedford katika jimbo la Indiana kuwachunguza wachonga mawe ya chokaa waliotumia nyundo hizo. Aliona kwamba vidole vyao vilikuwa vikipauka na kufa ganzi asubuhi za baridi, na akaonyesha kwamba chanzo kilikuwa ni chombo chenyewe pamoja na namna kinavyoshikwa.

Tangu hapo ilichukua miaka mingi kwa serikali kuchukua hatua. Uingereza iliuingiza ugonjwa huu katika orodha ya magonjwa ya kazini yanayolipiwa fidia mwaka 1985 tu. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kimataifa kuhusu uchafuzi wa hewa, kelele na mitetemo kazini mwaka 1977, na magonjwa yatokanayo na mtetemo yamo katika orodha ya shirika hilo ya magonjwa ya kazini. Basi ye yote asemaye kuwa ganzi ya mikono ni udhaifu wa mtu binafsi, au ni uvivu, anapingana na elimu yenye umri wa zaidi ya miaka mia moja.

Katika nchi ya joto tusisubiri vidole vyeupe

Elimu nyingi juu ya ugonjwa huu imetoka nchi za baridi, na huko dalili inayotajwa kwanza ni vidole kuwa vyeupe. Jambo hili laweza kutupotosha. Utafiti uliofanywa kwa wafanyakazi wa ujenzi nchini Malaysia, ambayo ni nchi ya joto kama pwani yetu, na kuchapishwa mwaka 2011, ulikuta wafanyakazi wenye ugonjwa wa mtetemo, lakini haukukuta vidole vilivyopauka. Dalili zao zilikuwa ganzi na sisimizi za vidole. Maana yake ni kwamba penye joto mishipa ya damu haipati baridi ya kuichochea ijikaze, lakini mishipa ya fahamu huumia vile vile.

Kwa hiyo katibu wa chama kilichoko Tanga, Lindi au Morogoro asingoje kuona vidole vyeupe ndipo aamini kwamba mfanyakazi anaumwa. Aulize habari za ganzi, sisimizi, kuangusha vitu, kushindwa kufunga vifungo vya shati, na kuamka usiku kwa maumivu ya mikono. Katika nyanda za juu kama Njombe, Makete na miteremko ya Kilimanjaro, ambako asubuhi za Juni na Julai ni za baridi kali, dalili ya kupauka yaweza kuonekana. Hata hivyo kwa watu wenye ngozi nyeusi itazamwe upande wa kiganja na chini ya kucha, si mgongoni mwa vidole.

Hesabu ya nguvu na muda

Madhara hutegemea mambo mawili: ukubwa wa mtetemo na muda ambao mkono umeshika mashine inayotetema. Ukubwa hupimwa kwa mita kwa sekunde mraba. Agizo la nchi za Umoja wa Ulaya la mwaka 2002 liliweka viwango viwili kwa siku ya kazi ya saa 8. Kiwango cha 2.5 ni cha tahadhari: kikifikiwa, mwajiri lazima achukue hatua za kupunguza. Kiwango cha 5 ni cha mwisho, hakipaswi kupitwa.

Wakaguzi wa Uingereza wametengeneza hesabu ya alama ambayo katibu ye yote aweza kuifanya kwa kalamu na karatasi. Chukua kipimo cha mashine, kizidishe kwa kipimo hicho hicho, kisha zidisha kwa 2. Jibu ni alama za saa moja ya kushika mashine hiyo. Alama 100 kwa siku ni kiwango cha tahadhari, na alama 400 ni kiwango cha mwisho.

Tuchukue mfano. Grainda ya kusugua zege yenye kipimo cha 8 hutoa alama 128 kwa saa. Mtumiaji hufikia tahadhari baada ya dakika 47 hivi. Keekee ya umeme ya kupiga nyundo yenye kipimo cha 9 hutoa alama 162 kwa saa. Tahadhari hufika kwa dakika 37. Nyundo ya kuvunjia zege yenye kipimo cha 15, ambacho si kigeni kwa mashine za aina hiyo, hutoa alama 450 kwa saa. Tahadhari hufika kwa dakika 13 tu, na kiwango cha mwisho kabla ya saa moja kwisha. Mtu akitumia mashine mbili, alama hujumlishwa. Nusu saa ya keekee ile ni alama 81, na nusu saa ya grainda ile ni alama 64; jumla 145, naye amekwisha kupita tahadhari.

Hesabu hii inatufunza mambo mawili. Kwanza, mtetemo ukiongezeka mara mbili, muda unaofaa hupungua hadi robo, si hadi nusu. Pili, muda unaohesabiwa ni ule mashine inapotetema mkononi, si muda wote wa kuwapo kazini. Inafaa pia ikumbukwe kwamba kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha mashine ni cha mashine mpya. Ikichakaa au ikitumiwa vibaya mtetemo huzidi.

Kinga huanza kabla ya zege kumiminwa

Ukiuliza kwa nini jekihama, keekee na grainda zinatumika kwa wingi katika ujenzi, mara nyingi utakuta kwamba zinarekebisha jambo lililosahauliwa. Ukuta umekamilika, kisha fundi umeme anakuja kuuchimba ili apitishe mabomba ya nyaya. Sakafu imekauka, kisha mashine ya kukobolea inafika na inabidi kutoboa mashimo ya bolti. Fomu za mbao zilipanuka, zege likavimba, sasa linasuguliwa. Kila kosa la namna hii hulipwa mara mbili: kwa fedha za chama na kwa mikono ya kibarua. Basi Bodi na mkandarasi wakubaliane mambo yafuatayo kabla ya kazi kuanza:

(a) Matundu na mabomba. Fundi umeme na fundi bomba waitwe wakati michoro inapopitiwa. Mabomba yafungwe kwenye nondo, na matundu yawekewe visanduku vya mbao kabla ya kumimina.

(b) Bolti za mashine. Vipimo vya kitako cha mashine vipatikane kwa muuzaji mapema. Kipande cha ubao kilichotobolewa kwa vipimo hivyo kishike bolti mahali pake wakati zege linapomiminwa. Kwa njia hii hakuna tundu litakalotobolewa baadaye.

(c) Fomu imara. Mbao zisizopinda, zilizotegemezwa vizuri na kuzibwa nafasi, hutoa uso usiohitaji grainda.

(d) Kushindilia vyema. Zege lisiloshindiliwa huacha matundu kama sega la nyuki, ambayo baadaye hutindwa na kuzibwa. Vaibreta izamishwe wima na kwa haraka, ifike hadi ndani ya tabaka lililotangulia, kisha ivutwe polepole mapovu yakikoma kutoka na uso ukianza kung'aa.

(e) Mahali pa kuungia. Zege jipya linapotakiwa kushikamana na la zamani, desturi ni kuuparuza uso wa zamani kwa nyundo ya mashine. Uso huo waweza kuparuzwa kwa brashi ya waya na maji ungali haujakauka kabisa, ukapata ukwaruzo ule ule bila mtetemo wo wote. Jambo linalotakiwa ni mtu wa kukumbuka saa yake.

Pale mashine isipoepukika

Baada ya hatua hizo zitabaki kazi chache zinazohitaji mashine. Hapo yafuatwe haya:

(a) Chombo kiifae kazi. Nyundo ndogo kwa zege nene humfanya mtu aishike kwa muda mrefu. Kubwa mno kwa kazi ndogo humtikisa bure. Chama kinaponunua au kukodi mashine kiulize kipimo cha mtetemo kama kinavyouliza bei na matumizi ya mafuta.

(b) Tindo na keekee ziwe kali. Ncha butu huongeza muda wa kazi, na humlazimisha mtu kukandamiza. Sponji au mipira ya mishikio ikichanika ibadilishwe, na bolti zilizolegea zikazwe.

(c) Mashine ifanye kazi yake. Mtumiaji asiikandamize wala kuikamata kwa nguvu kupita ile inayotosha kuiongoza. Mashine isiachwe ikitetema mkononi wakati haikati kitu.

(d) Vaibreta ishikwe kwenye mpira wake, mbali na kichwa kinachotetema. Asiwepo mtu wa kushika kichwa chenyewe, hata kwa kukielekeza tu.

(e) Mashine za kufyatulia matofali. Mkono usiwe juu ya kalibu wakati kinu kinatetema. Mipira inayotenga kinu na fremu ikaguliwe. Ikiisha, mtetemo wote huhamia kwenye mishikio.

(f) Kupokezana. Kazi ya mtetemo igawanywe kwa watu kadhaa, kwa vipindi vifupi vyenye mapumziko katikati. Lakini kupokezana bila kupunguza mtetemo wenyewe ni kugawana ugonjwa. Kusiwe mbadala wa hatua zilizotangulia.

(g) Glovu. Glovu hulinda ngozi na huhifadhi joto, na katika nyanda za juu hilo lina faida. Lakini glovu zinazouzwa kwa jina la kuzuia mtetemo hazitoi kinga ya kutegemewa kwa nyundo za kuvunjia, na glovu nene humfanya mtu akamate kwa nguvu zaidi. Chama kisinunue glovu kikadhani kimemaliza wajibu.

(h) Tumbaku. Uvutaji hukaza mishipa ya damu na huzidisha madhara. Wafanyakazi waelezwe hivyo waziwazi.

Wajibu wa katibu na Bodi

Jambo la kwanza ni mkataba. Kibarua anayelipwa kwa kipande, yaani kwa mita alizovunja au mashimo aliyotoboa, hatapumzika hata akishauriwa, kwa sababu mapumziko humpunguzia chakula cha watoto. Kazi ya kuvunja na kutoboa zege ilipwe kwa siku. Mkataba na mkandarasi utaje kwamba mabomba, matundu na bolti vitawekwa kabla ya kumimina, na kwamba gharama ya kuvunja kwa sababu ya kusahau ni juu yake. Sharti hilo moja litazuia mtetemo mwingi kuliko hotuba kumi.

Jambo la pili ni daftari. Katibu afungue ukurasa wenye safu nne: jina la mfanyakazi, mashine, dakika alizoishika siku hiyo, na dalili alizozitaja. Mara moja kwa mwezi aulize kila mmoja juu ya ganzi na sisimizi. Mwenye dalili aondolewe kwenye mashine, apewe kazi nyingine bila kupunguziwa ujira, na apelekwe kwa daktari akiwa na barua inayoeleza aina ya kazi aliyoifanya na kwa muda gani. Bila barua hiyo daktari aweza kumpa dawa ya maumivu tu, asijue chanzo. Mfanyakazi akiona kwamba kusema kutamfukuzisha kazi, atanyamaza, na daftari litakuwa safi huku mikono ikiharibika.

Jambo la tatu ni sheria. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake, na chama kinachoajiri ni mwajiri kama wengine. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ndiyo iliyouanzisha Mfuko wa Fidia, ambao hulipa walioumia au kuugua kwa sababu ya kazi. Lakini dai la ugonjwa ulioingia polepole huhitaji ushahidi wa kazi iliyofanywa, na daftari la katibu ndilo ushahidi huo.

Huenda baadhi ya wajumbe watasema chama hakina fedha za mambo haya. Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya yaliyoelezwa hapa haihitaji fedha bali mpango. Kisanduku cha mbao cha kuacha tundu ni rahisi kuliko siku nzima ya jekihama, mafuta yake, mtumiaji wake na fundi wa kuziba palipovunjika.

Chama chenye nia ya kujenga mwaka huu kingefanya vema kuweka jambo hili katika ajenda ya kikao cha Bodi kabla ya kuitisha zabuni. Michoro ifunguliwe mezani, na kila tundu, kila bomba na kila bolti itafutiwe mahali pake. Kisha iulizwe kwa kila kazi: ni nani atakayeishika mashine hii, na kwa dakika ngapi? Kazi isiyopata jibu la kuridhisha irudishwe kwa mkandarasi aipange upya.